Nyuzi Zilizonyamaza Mbele ya Katibu

Ildefonsi Mbonimpa aliingia Karagwe mwaka sitini na moja akitokea Rwanda, akiwa na mke mmoja, binti mchanga mmoja na enanga moja. Chungu cha kupikia alikiacha. Mkewe, Kantengwa, alimsimulia jambo hilo kila mgeni aliyekanyaga ua wao kwa miaka thelathini na mitano, mpaka mzee alipofariki mwaka tisini na sita, na kila mara alimalizia kwa kuuliza kama kuna mtu amewahi kuchemshia maharage ndani ya enanga.

Hakuna aliyewahi. Enanga ni gogo lililochongwa mfano wa sinia refu, likapitishwa uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe, kwenda na kurudi, hadi ukawa nyuzi saba au nane. Hailii kwa nguvu. Inataka watu wanyamaze kwanza, na katika nchi iliyokuwa na vikao vingi kama yetu wakati ule, hilo peke yake lilikuwa kosa.

Walifikia kwenye kata moja upande wa Isingiro. Jina la kata siliandiki, maana wahusika wana wajukuu, na wajukuu wana pikipiki. Ildefonsi alilimia watu, akapogoa migomba ya watu, akachuma kahawa ya watu, hadi akapata kipande cha kibanja cha migomba, chini kidogo ya kile cha Deodatha, mjane aliyekuwa na mwana mmoja tu, Elpidius. Jioni na sikukuu alipiga enanga. Aliimba Kinyambo cha wenyeji chenye lafudhi ya Kinyarwanda, watu wakacheka, naye akacheka nao, kisha nyuzi zikaanza na kicheko kikakoma chenyewe.

Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuimba asichokiona. Aliwahi kuitwa harusini Kiruruma, baba wa bwana harusi akamnong'oneza awaimbe ng'ombe wake kumi na wawili. Ildefonsi akaomba akawaone. Zizini wakakuta saba, na mmoja wa hao alikuwa wa jirani. Akaimba sita. Waliokuwapo wanasema ng'ombe sita hawajawahi kuimbwa vile, wenye bahati wale. Mwimbaji alirudi nyumbani bila hata mfupa.

Basi, mwishoni mwa sabini na nane adui akavuka mpaka upande wa Kyaka. Redio ikapiga nyimbo za jeshi kutwa kucha, na katibu wa kata yetu, Melkiory, akaitisha mkutano. Melkiory alikuwa amekaa seminari miaka sita, akatoka na Kilatini kidogo na hamu kubwa ya kuongoza watu. Siku hiyo aliahidi kuuziba mto Kagera kwa kifua chake. Mizinga ya kwanza iliposikika ikinguruma mbali, kifua kikapanda Landrova kikaenda Biharamulo kutafuta maelekezo. Maelekezo yalipatikana baada ya wiki tano.

Aliporudi, jeshi letu lilikuwa limeshamtoa adui, na sasa zilitakiwa nguvu za mgambo za kumfuata kwake. Kata ikatakiwa kutoa vijana kumi. Lori likaja asubuhi kwenye uwanja wa shule, na Ildefonsi akaitwa apige enanga ya kuwaaga. Kila kijana aliyeitwa na kupanda, mwimbaji alimtungia mstari wake papo hapo, wa kwenda nao.

Jina la kumi lilikuwa Yustus, mpwa wa katibu. Likaitwa mara tatu. Yustus alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Bukoba kutibiwa kifua, ugonjwa ambao katika ukoo ule ulikuwa unarithiwa. Askari mwenye lori hakutaka habari za kifua. Alitaka vichwa kumi. Wakati huohuo Elpidius wa Deodatha akawa anapita na baiskeli, amefunga gunia la kahawa nyuma. Melkiory akamsimamisha. Akamwambia aegeshe baiskeli, apande, na akiitwa Yustus aseme nipo.

"Kesho nitarekebisha," katibu akasema.

Elpidius alikuwa kijana wa kuambiwa shika naye akashika. Akapanda. Akaitwa Yustus, akasema nipo. Ildefonsi, vidole juu ya nyuzi, alimtungia mstari wake kama wale tisa, akimtaja kwa jina lake, lakini injini ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Mwezi Machi barua ikaja kwamba Yustus ameanguka kishujaa barabara ya Mbarara. Nyumba ya katibu ikapokea wageni, sukari na blanketi mbili za rambirambi. Yustus mwenyewe alionekana Bukoba siku ya Pasaka akichagua soksi. Akakatazwa kabisa kukanyaga nyumbani, maana shujaa aliyelala vitani hawezi kuonekana kilabuni akiagiza rubisi.

Deodatha alipata habari kwa vijana waliorudi. Walimweleza kwa sauti ndogo mwanawe alivyokufa na mahali alipozikwa. Akaenda ofisini kwa Melkiory kuomba jambo moja: jina la Elpidius lisomwe hadharani pamoja na waliokufa, ili aweze kutandika nyasi za msiba ndani na kumlilia. Akafunguliwa daftari. Elpidius hayumo, akaambiwa. Na kijana wa umri ule ambaye hayumo daftarini na hayupo nyumbani, serikali inamwita mtoro. Mtoro hatandikiwi nyasi. Akionekana analia kwa sauti, atakuwa anaficha jambo.

Kata nzima ilijua. Kata nzima ilikuwa na palizi.

Ildefonsi naye alijua, tena kuliko wengine, maana yeye ndiye aliyemwimba. Lakini mwaka themanini ulikuwa umeleta habari ambayo wao, watu wa kutoka ng'ambo, waliingojea miaka kumi na tisa: serikali inatoa uraia. Orodha zilianzia ngazi ya kata, na pembeni ya kila jina katibu alitakiwa kuandika kwamba tabia ni njema. Asiyeandikiwa angeweza kupakiwa garini kupelekwa makazi ya wakimbizi ya mbali, aanze tena na pori. Kalamu ya kuandika "njema" ilikuwa katika mfuko wa shati la Melkiory.

Ndipo Melkiory mwenyewe akaja kwa Ildefonsi, mchana, Kantengwa akiwa uani anamenya ndizi. Kulikuwa na sherehe ya ushindi inakuja, na mgeni mkubwa kutoka wilayani. Katibu alitaka siku hiyo kwebuga.

Kwebuga ni jambo la wazee. Zamani mwanamume aliyetoka vitani alisimama mbele ya Mukama, mfalme wa kule, na mkuki mkononi, akajitapa kwa majina yake ya sifa na matendo yake, huku enanga ikimfuata. Melkiory alipokuwa mdogo aliwahi kuona tendo hilo kwa mbali, juu ya ua, kabla ya katekista kumshusha kwa fimbo. Alikumbuka mkuki, vazi la gome la mti na kelele. Alidhani hayo ndiyo yote.

Kulikuwa na sharti, na wazee wote wa upande ule walilijua. Mpigaji akisikia tambo analoliamini, nyuzi zinaendelea. Akitilia shaka, anaondoa mkono, na mwenye mkuki anapaswa kuuchomeka chini na kumtaja shahidi. Shahidi akiwa hai, anasimama anasema. Shahidi akiwa amekufa, mpigaji ndiye anayemsemea, na mpaka amalize mkuki hauondolewi na hakuna wa kufungua mdomo, hata Mukama.

"Wewe utapiga chinichini," Melkiory akaeleza, "kama redio inavyopiga kabla ya taarifa ya habari."

Ildefonsi akamuuliza kama anataka kwebuga kwa ukamilifu wake au anataka kusimama na mkuki tu aseme. Katibu akasema kwa ukamilifu.

"Unayafahamu yote, Ndugu Katibu?"

"Mzee Mbonimpa, mimi nimesoma."

Akaongeza, akiwa anaondoka, kwamba orodha ya uraia inakwenda wilayani wiki ileile, na jina la mzee liko ukurasa wa kwanza, bado tu saini.

Kantengwa alisubiri mgongo wa katibu upotee migombani. Akasema, bila kuacha kumenya: "Nilikimbia mara moja nikiwa na mtoto mgongoni. Miguu ya mara ya pili sina. Huo mkono wako ukiganda mbele ya watu, jua umeniua mimi, si yeye."

Ildefonsi akasema atapiga. Kantengwa alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua neno hilo lina upana gani; asubuhi ya sherehe, kabla ya kuvaa, alifunga mizigo, na safari hii alianza na chungu.

Uwanja ulijaa. Mgeni wa heshima alikuwa mtu wa pwani, mpole, aliyeshikwa na baridi tangu ashuke garini. Alikaa kwenye kiti cha mapumziko kilichoazimwa kwa mapadri, karani wa kata pembeni yake akimtafsiria. Wazee waliketi mbele, na katikati yao Kahigi, balozi wa nyumba kumi, ambaye ujanani alikuwa amepeleka maji ya kunawa katika ua wa Mukama na aliyajua mambo ya kule kuliko misale ya Jumapili.

Melkiory akatoka na vazi la gome juu ya suruali ya kaunda suti. Mkuki ulikuwa wa kuazima. Akaanza vizuri, tusimnyime haki yake. Mimi ndiye Asiyeyumba, akasema, mwana wa Asiyelala. Nyuzi zikamfuata, mtu hawezi kubishiwa jina alilojipa. Mimi ndiye niliyetoa vijana kumi siku nchi ilipoita. Nyuzi zikamfuata, walikuwa kumi. Wanawake wakaanza vigelegele, mgeni akatikisa kichwa kwa furaha, na Melkiory, kama ilivyo kawaida ya wenye nafasi ya kukomea hapo, hakukomea hapo.

"Mimi ndiye niliyesimama mtoni adui aliponguruma."

Ildefonsi akainua mkono.

Ilikuwa kama mtu amefunga mlango. Melkiory akasubiri, akageuka, akauliza kwa sauti ya kawaida kama uzi umekatika.

"Haujakatika," Kahigi akamjibu kutoka alipoketi. "Chomeka mkuki, mwanangu. Taja shahidi."

Wazee wote wakaitikia: shahidi. Hapo ndipo msomi wetu alipoona kuna ukurasa hakufundishwa. Angeweza kucheka akarudi kitini. Lakini mgeni alikuwa anamtazama kwa shauku, akidhani hii ni sehemu tamu ya mchezo. Melkiory akachomeka mkuki, akatafuta haraka shahidi asiyeweza kumkana. Akampata.

"Shahidi wangu ni Yustus, mpwa wangu, aliyelala Mbarara."

Kantengwa, kule nyuma kwa wanawake, alijifunika uso kwa khanga. Ildefonsi akamtazama mkewe pale alipo, kitambo. Kisha akarudisha vidole kwenye nyuzi na kuanza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji nyumba ya ugenini:

"Liliitwa jina la Yustus, akaitika Elpidius.
Jina likaenda Bukoba, miguu ikaenda Mbarara.
Risasi haisomi orodha, humpata aliyepo.
Enyi mnaoita vita kwa mdomo mpana,
mbona vikiwaita ninyi vifua vinauma?
Mfalme wa ng'ambo alitaka vita, wakubwa wa hapa wakaitika,
aliyezikwa ni mwana wa mjane, tena kwa jina la kuazima.
Elpidius wa Deodatha hakutoroka.
Nilimpigia enanga akipanda lori. Kumi nilihesabu, naye ndiye wa kumi."

Lafudhi ilikuwa ileile ya Kinyarwanda. Hakuna aliyecheka. Melkiory akafungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili wazee wakamwinulia viganja: mkuki uko chini.

Deodatha akasimama katikati ya wanawake. Akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi ardhini na kuanza kulia, kilio kile cha mwanzo cha msiba, ambacho alikuwa amekizuia miezi kumi na mitano. Kwetu mtu akilia vile, aliyesimama anaketi chini. Wanawake wakaketi. Wazee wakaacha mabenchi wakaketi kwenye vumbi. Walimu, mgambo na bendi ya shule pamoja na ngoma zake, wote chini. Mgeni akamuuliza karani kuna nini. Karani, mtu mwenye watoto sita na hofu nyingi, akasema wanaomboleza waliofia vitani. Haikuwa uongo. Mgeni akavua kofia, akaacha kiti cha mapadri akaketi ardhini, na kwa muda mrefu mtu pekee aliyekuwa amesimama katika uwanja ule alikuwa Asiyeyumba, mwana wa Asiyelala, karibu na mkuki ambao hakuruhusiwa kuugusa.

Siku ya tatu jina la Ildefonsi likafutwa ukurasa wa kwanza, na barua ikaandikwa: mgeni huyu ni mchochezi, apelekwe makazi ya mbali, na mgambo wawili wamchukue.

Lakini Deodatha hakuwa amelala. Jioni ileile ya sherehe alikuwa ametandika nyasi nyumbani kwake, msiba umefunguliwa rasmi, na amemwita Ildefonsi aje na enanga. Mila iko wazi: aliyeleta habari ya kifo mbele ya watu hapaswi kulala kwake hadi nyasi zitolewe nje, na mtu aliye kwenye nyasi haondolewi kwa mkono, awe na kosa gani. Mgambo wawili walipofika walikuwa watoto wa pale pale. Wakavua kofia, wakaketi kwenye nyasi, wakapewa ndizi na maharage, wakasikiliza enanga, wakaenda kuripoti kwamba mtuhumiwa yuko msibani.

Msiba kwa kawaida ni siku nne. Siku ya tano wakarudi. Nyasi zilikuwa bado ndani.

"Siku nne ni za maiti aliyekuja kwa wakati," Deodatha akawaambia. "Huyu wangu nimecheleweshewa. Nendeni, nikimaliza nitawaita."

Wakaenda kwa Kahigi, balozi, atoe uamuzi. Kahigi akafikiri kwa muda wa kuvuta kiko kizima, akaamua kwamba hesabu ya siku za msiba ni ya mama.

Basi Ildefonsi akakaa. Wiki moja, mwezi mmoja, miezi miwili. Mchana alilima kibanja cha Deodatha, maana kufanya kazi ya nyumba ya msiba kunaruhusiwa. Kwake, hatua arobaini tu kuteremka, hakukanyaga. Kantengwa alimletea chakula kila siku na kila siku alimwambia kwamba amemwoza kwa mjane. Watu walikuja kutoka Bugene na Kiruruma kutoa pole kwa kijana ambaye hawakumfahamu, na kila mara Ildefonsi aliwaimbia yote tena, lori, jina, Bukoba, Mbarara. Kama Melkiory angemwacha aimbe mara moja uwanjani na yakaisha, wimbo ungefia Isingiro. Sasa ulikuwa unatembea kwa miguu ya waombolezaji kila Jumapili.

Mwishowe katibu akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni, akaona hakuna kiti, akaketi kwenye nyasi na kaunda suti yake. Deodatha akampa ndizi mbivu. Kisha akamuuliza anachoulizwa kila anayekuja msibani: alimfahamuje marehemu?

Melkiory akatazama ndizi.

"Alikuwa na baiskeli," akasema.

"Ndiyo," Deodatha akasema. "Alikuwa nayo."

Kesho yake asubuhi baiskeli ilikutwa imeegemezwa kwenye ua wa mjane, imejazwa upepo, ina kengele mpya. Barua ya kumwondoa Ildefonsi haikukumbushiwa tena. Mwezi wa sita wa msiba Melkiory akahamishwa, akapandishwa cheo, kama ilivyo desturi ya kuwaadhibu wakubwa. Katibu mpya akakuta katika faili mchochezi ambaye kwa nusu mwaka alikuwa msibani. Akaenda kuangalia, akaketi, akala, akasikiliza mpaka mwisho. Kurudi ofisini akaandika kwenye orodha ya nyongeza: Ildefonsi Mbonimpa, tabia njema. Jumapili iliyofuata akasoma mbele ya watu majina ya waliofia vitani kutoka kata ile, na la Elpidius likiwemo. Yustus ilibidi angoje hadi themanini na tatu ndipo akafufuliwa, kwa barua yenye mihuri miwili.

Karatasi ya uraia ilipofika, Kahigi aliileta mwenyewe hadi kwa Deodatha. Mjane hakujua kusoma. Akaishika, akaigeuza, akauliza kama jina lililomo ni la huyu hasa, la mwenyewe aliyeketi hapa. Kahigi akasema ni lake. Mjane akainama, akaanza kukusanya nyasi. Alizitoa nje mafungu matatu makubwa, akazitupa kwenye mashina ya migomba, akafagia, akamwambia jirani yake aende kwake.

Ildefonsi akateremka zile hatua arobaini, enanga kwapani, karatasi mfukoni. Kantengwa alikuwa amesimama uani. Hakutaka kuiona karatasi. Alimkabidhi panga, akamwonyesha migomba yao, ambayo haikupogolewa miezi saba na ilikuwa imejivika majani makavu hadi shingoni. Mzee akaweka enanga juu ya jiwe, akaanza na mgomba ulio karibu na mlango.